Wimbo na mchezo shuleni katika Katanga: jukwaa la wanafunzi katika historia ya Kiswahili chetu

Historia ya Kiswahili nchini Kongo huelezwa kwa kawaida kwa kufuata njia tatu: njia ya wafanyabiashara waliovuka ziwa Tanganyika katika karne ya 19, njia ya misheni, na njia ya kambi za wafanyakazi wa migodi. Njia hizo tatu ni za kweli, na hatuna nia ya kuzikanusha. Lakini msomaji atatambua kwamba zote zinatuonyesha watu wazima: mwenye msafara, padri, msimamizi wa kazi. Watoto hawaonekani, ingawa ndio waliokikuta Kiswahili mjini na kukifanya lugha yao ya kwanza.

Katika makala haya tunataka kutazama mahali pamoja ambapo watoto hao walisikika hadharani, yaani jukwaa la shule. Tunasema jukwaa kwa maana ya vitu viwili vilivyokwenda pamoja karibu katika kila shule ya misheni: korali na mchezo wa kuigiza. Hoja yetu ni hii: korali na mchezo vililelewa na shule moja, mara nyingi chini ya mwalimu mmoja, lakini kila kimoja kilibeba Kiswahili chake. Korali ilibeba Kiswahili cha kitabu, mchezo ukabeba Kiswahili cha mji. Na kwa kuwa wimbo uliandikwa na mchezo haukuandikwa, wanahistoria wameirithi nusu tu ya habari.

1. Shule na lugha zake

Mapadri Weupe waliingia Mpala, kwenye pwani ya magharibi ya Tanganyika, mwaka 1885, wakajenga baadaye makao makubwa ya Baudouinville, ambayo leo ni Kirungu, katika Moba. Huko Kiswahili kilikuwa lugha ya katekisimu na ya shule. Seminari za eneo hilo zilimtoa Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji, aliyepewa upadri mwaka 1917. Kiswahili cha mapadri hao kilikuwa cha sarufi na kamusi, kilichoegemea pwani ya mashariki. Hakikuwa sawa kabisa na kile kilichosemwa sokoni.

Katika kusini mambo yalikuwa tofauti. Elisabethville ulikuwa mji wa shaba, na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi: Rhodesia ya Kaskazini, Luapula, Kasai, Ruanda-Urundi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilifuata siasa ya kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao. Siasa hiyo ilileta watoto kambini, na watoto wakaleta haja ya shule. Mtoto wa baba Mluba na mama Mbemba, jirani ya Mlunda na Mtabwa, alicheza barabarani kwa Kiswahili, lakini si kile cha katekisimu. Alisema «banakuya» pale kitabu kiliposema «wanakuja». «Katoto» pale kiliposema «mtoto mdogo». «Njo yeye» mahali pa «ndiye». «Banaimbaka» mahali pa «huimba».

Hivyo mtoto alipoingia darasani alikutana na ngazi ya lugha. Juu kabisa palikuwa Kilatini cha misa. Chini yake palikuwa Kifaransa, lugha ya cheo na ya mshahara. Kisha Kiswahili cha kitabu, na mwisho, nje ya mlango wa darasa, Kiswahili cha nyumbani pamoja na lugha za wazazi. Korali na mchezo vilipanga kila kimoja ngazi hii kwa namna yake.

2. Korali: lugha iliyoandikwa

Kuimba shuleni hakukuwa burudani tu. Mwaka 1903 Papa Pius X alikuwa ametoa agizo juu ya muziki wa kanisa, akisisitiza wimbo wa Kigregori. Wabenedikto, waliopewa Katanga ya kusini tangu 1910 chini ya Jean-Félix de Hemptinne, walikuwa watu wa shirika linaloheshimu sana wimbo huo. Kwao, shule bila korali ilikuwa shule isiyokamilika.

Mwaka 1937 Dom Anschaire Lamoral alianzisha Elisabethville korali ya wavulana iliyojulikana kwa jina la Chanteurs à la Croix de Cuivre, yaani Waimbaji wa Msalaba wa Shaba. Jina hilo lina mambo mawili ndani yake. Linafuata jina la korali mashuhuri ya watoto ya Paris, ile ya msalaba wa mti. Na wakati huohuo linakumbusha misalaba midogo ya shaba ambayo mafundi wa Katanga waliyeyusha na kuitumia kama fedha muda mrefu kabla ya Wazungu. Katika jina moja zimekutana Ulaya na tanuru za wazee wetu.

Katika korali hiyo alifanya kazi Joseph Kiwele (1912–1961), aliyesoma katika seminari za Mapadri Weupe. Kiwele alikuwa mwalimu wa muziki na mtunzi: anajulikana kwa Misa yake ya Katanga na kwa Te Deum yake ya Kibantu. Mwaka 1960, Katanga ilipojitangaza nchi yake tarehe 11 Julai, alipewa wizara ya elimu, na ndiye aliyetunga wimbo wa taifa la Katanga. Kila mtu ana maoni yake juu ya tendo hilo la kisiasa. Kwa upande wetu tunatazama njia iliyomfikisha huko: mtoto wa shule ya misheni alipanda kutoka benchi la waimbaji hadi meza ya mawaziri. Jukwaa la shule lilikuwa ngazi ya kweli katika jamii ambayo ngazi nyingine zilikuwa zimefungwa.

Upande wa kaskazini-magharibi, katika Kamina, padri Mfransisko Guido Haazen alifika mwaka 1953 na kuunda kundi la wavulana wa shule na walimu wao, lililoitwa Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 kundi hilo liliimba katika Maonyesho ya Dunia ya Bruxelles, likazunguka pia Uholanzi na Ujerumani. Kazi yake, Missa Luba, ilitiwa katika sahani na kusikika ulimwenguni kote, miaka kumi baadaye sehemu yake iliingizwa katika filamu ya Uingereza, «if....», iliyotoka 1968. Maneno ya misa hiyo ni ya Kilatini, lakini sauti zake zimetokana na nyimbo za Kasai na Katanga. Mwalimu Joachim Ngoi ndiye aliyeongoza kwa sauti ya pekee, na wengine wakamjibu kwa namna ambayo kwanza haikuandikwa popote. Noti ziliandikwa baadaye ili korali za nchi nyingine ziweze kuimba. Hapo tunaona nguvu ya maandishi: jina lililobaki juu ya kazi hiyo ni la aliyeipanga na kuitangaza, nalo kundi la walimu na watoto walioitoa vifuani mwao limebaki bila majina mengi.

Mwanaisimu ana jambo la kuongeza hapa. Kiluba na Kibemba ni lugha za toni: kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana. Ukichukua wimbo wa Kizungu na kuutia maneno ya Kiluba, mara nyingi wimbo unapanda pale neno linapotaka kushuka, na msikilizaji anapotea. Watunzi waliozaliwa katika lugha hizo walilijua tatizo hili masikioni mwao kabla ya kulisoma katika kitabu. Kiswahili hakina toni ya namna hiyo. Kinadai jambo moja tu, kwamba silabi ya pili kutoka mwisho wa neno iangukie pigo lenye nguvu. Ndiyo sababu moja, kwa maoni yetu, iliyofanya Kiswahili kukubali kwa urahisi tenzi za Ulaya, na kuwa lugha nyepesi ya korali katika shule ambamo watoto walikuwa na lugha nyingi za mama.

Lakini urahisi huo ulikuwa na masharti. Korali haivumilii tofauti: sauti arobaini lazima zifunge silabi pamoja. Aliyezoea kusema «ba-» alisahihishwa mpaka akaimba «wa-». Aliyezoea «mutu» alilazimishwa kuimba «mtu», hata kama noti zilikuwa na nafasi ya silabi mbili. Kwa hiyo mamia ya watoto wa Katanga walijifunza Kiswahili cha kitabu kwa mdomo kabla ya kukijua kwa kalamu, tena kwa namna ambayo haisahauliki, kwa maana kinachoimbwa hukaa. Baada ya Mtaguso wa pili wa Vatikano kufungua mlango, mnamo Desemba 1963, lugha za watu ziliingia katika misa yenyewe, na Kiswahili cha korali kikapata nafasi kubwa zaidi. Hata leo, mtu wa Lubumbashi ambaye hazungumzi kamwe Kiswahili sanifu anaweza kukiimba Jumapili bila kosa.

3. Mchezo: lugha iliyosemwa

Tugeukie sasa upande wa pili. Mapokeo ya michezo shuleni yalikuja na mashirika ya kitawa. Wasalesiani, waliofika Elisabethville mwaka 1911, walikuwa wana wa Don Bosco (1815–1888), aliyehesabu mchezo wa jukwaani kuwa sehemu ya malezi ya vijana. Michezo iliwekwa kwenye sikukuu ya mtakatifu wa shule, ziara ya mkubwa, na mwisho wa mwaka, matokeo yalipotangazwa mbele ya wazazi. Habari zilikuwa za kufundisha: mwana mpotevu, mlevi anayeharibu nyumba yake, mtoto mvivu anayeshindwa.

Michezo rasmi ilikuwa ya Kifaransa, na maneno yake yalikaririwa. Lakini mbele ya wazazi Kifaransa hakikutosha. Baba aliyetoka mgodini na mama aliyetoka sokoni walipaswa kufahamu na kucheka. Hivyo, kando ya mchezo mkubwa uliokaririwa, ulitokea mchezo mfupi wa kuchekesha ambao haukuwa na karatasi. Wanafunzi walipatana juu ya kisa, wakagawana watu wa mchezo, wakajua nani anaingia kwanza na nani anatoka mwisho. Maneno yenyewe kila mmoja aliyatafuta akiwa jukwaani.

Ni katika nafasi hiyo ndogo Kiswahili cha mji kilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Kilipanda kwa kisingizio cha kicheko, na kisingizio hicho ndicho kilichokiokoa. Katika mchezo wa namna hii kila mtu hutambulishwa kwa lugha yake kabla ya mavazi yake. Mzee aliyefika jana kutoka kijijini husema Kiswahili chenye Kiluba ndani. Karani hutia Kifaransa katika kila sentensi, hata pale asipokijua. Mkubwa wa kazi husema kile Kiswahili kifupi cha amri, kisicho na salamu wala heshima. Katekista husema Kiswahili cha kitabu, na watazamaji hucheka kwa sababu anakisema hata anapoomba maji ya kunywa. Kwa hiyo lugha ambayo korali iliiweka juu, mchezo uliishusha kidogo, si kwa chuki, bali kwa kuiweka kati ya lugha za watu wengine.

Tukitafuta mahali ambapo mji ulijisikia wenyewe kwa mara ya kwanza, ukatambua kwamba una namna yake ya kusema, hatutapata pengine mahali palipo wazi kuliko hapo.

Mti huu ulitoa matunda nje ya shule. Katika miaka ya 1950 makundi ya vijana wachekeshaji na waimbaji yalizaliwa katika mitaa ya Elisabethville. Mojawapo, JECOKE, lilibeba jina la mtaa wa Kenya. Baadaye kundi la Mufwankolo, jina la jukwaani la Kyembe, likawa sauti ya mji mzima katika redio na televisheni. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatana na kundi hilo lilipotengeneza mchezo juu ya methali isemayo kwamba mamlaka huliwa nzima, mchezo uliochukuliwa picha katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi. Kitabu alichokitoa mwaka 1990 kinaonyesha kazi ilivyokwenda: kisa kinajadiliwa, sehemu zinagawanywa, maneno yanazaliwa katika kuchezwa. Namna hiyo ya kufanya kazi ndiyo ileile ya mchezo mfupi wa shule.

4. Wimbo wa amri

Tungekosea kama tungeeleza jukwaa la shule kama uwanja wa furaha peke yake. Baada ya nchi kuitwa Zaire, tarehe 27 Oktoba 1971, serikali ilitambua haraka kile ambacho wamisionari walikuwa wamekitambua kabla yake: anayeshika wimbo wa watoto ameshika nyumba za wazazi wao. Mnamo Januari 1973 Mobutu alizuru China. Katika miaka iliyofuata animasyo ya kisiasa ilienea kila mahali, makazini na shuleni. Wanafunzi waliimba na kucheza kumsifu kiongozi na chama cha MPR kabla ya masomo, na walipelekwa barabarani kila mgeni mkubwa alipofika. Mwisho wa mwaka 1974 serikali ilizichukua shule za makanisa. Ilizirudisha katika usimamizi wao kwa mapatano ya Februari 1977.

Kwa historia ya lugha, kipindi hicho kina sura mbili. Kwa upande mmoja, Kiswahili, pamoja na Kilingala, Kikongo na Ciluba, kilipata heshima ya kuimbwa mbele ya bendera, na si kanisani tu. Wanaisimu walikutana Lubumbashi mwezi Mei 1974 na kutetea lugha za nchi katika elimu, miaka kumi na miwili baada ya mpango wa 1962 kuzitoa darasani na kuweka Kifaransa peke yake. Kwa upande mwingine, Kiswahili kilichoheshimiwa hivyo kilikuwa na neno moja tu la kusema, nalo ni sifa. Mwanafunzi hakuchagua wimbo wala siku ya kuimba. Kutoimba kulikuwa kosa.

Hapa tofauti yetu kati ya wimbo na mchezo inarudi. Korali iliweza kugeuzwa kwa siku moja: maneno ya sifa ya Mungu yaliondolewa, ya sifa ya mtu yakawekwa, na sauti zikabaki zilezile. Mchezo ulikuwa mgumu zaidi kuchukuliwa. Ulitiwa amri pia, na kuna michezo mingi ya kusifu iliyochezwa. Lakini mahali ambapo maneno hayakuandikwa, hakuna aliyeweza kuyasoma kabla. Mzee wa mchezo aliyelalamika juu ya bei ya unga, au mkubwa aliyedai kitu kidogo kabla ya kutoa karatasi, alieleweka na wote, na hakuna ukurasa wa kumshitaki. Chama kimoja kilipokwisha, tarehe 24 Aprili 1990, nyimbo za animasyo zilikufa karibu mara moja. Mizaha ya mchezo ilidumu.

5. Tulichorithi na tulichopoteza

Tukihesabu urithi wa pande hizi mbili, hesabu haiko sawa. Upande wa korali tuna noti, sahani, picha, majina ya watunzi na tarehe. Upande wa mchezo tuna kazi ya Fabian juu ya kundi moja la watu wazima, na kanda za redio na televisheni, ambazo joto na vumbi haviziachi. Juu ya michezo ya shule yenyewe tuna karibu hakuna kitu. Hali hii inazaa kosa la kisayansi. Anayetegemea karatasi ataandika kwamba shule ya Katanga ilifundisha Kiswahili cha kitabu, na kwamba Kiswahili cha mji kilikua nje ya shule na kinyume chake. Sisi tunaona kwamba vyote viwili vilikua ndani ya ua mmoja, mara nyingi katika vinywa vya watoto walewale, kwa siku moja: asubuhi korali, jioni mchezo.

Kosa hilo si la wataalamu peke yao. Linawafikia wanafunzi wetu. Wengi wao wanaingia chuoni wakiamini kwamba wanachosema nyumbani si lugha, bali ni uharibifu wa lugha. Wanaona haya kukiandika. Lakini mwaka 1965 André Yav alipoandika historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, aliiandika kwa Kiswahili hichohicho, na leo maandishi yake ni hazina kwa wanahistoria. Katiba ya 2006 imetaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, bila kusema ni Kiswahili kipi. Jibu la swali hilo halitapatikana kwa kuchagua kati ya korali na mchezo. Mtoto wa Katanga alipewa vyote viwili, na alijua mapema wakati wa kutumia kila kimoja. Ujuzi huo ni elimu, wala si upungufu.

Tena tusisahau jambo moja la mwisho. Jukwaa la shule la mji halikuwa la kabila. Walioimba pamoja walikuwa watoto wa Kasai na wa Katanga, na Kiswahili hakikumuuliza yeyote kijiji cha babu yake. Katika miaka ya 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, korali na makundi mengi yalivunjika pamoja na familia. Kusahau jukwaa hilo ni kusahau pia kwamba kulikuwa na mahali ambapo kukaa pamoja kulifanyiwa mazoezi kila juma.

Kwa hiyo tunamaliza kwa pendekezo. Aliyekuwa na miaka 12 katika korali ya mwaka 1958 alizaliwa mwaka 1946. Leo yuko karibu na miaka 80. Bado anaweza kuulizwa. Wanafunzi wanaotafuta somo la kazi ya mwisho wasiende mbali: waende kwa wazee wa Kenya, wa Katuba, wa Likasi, wa Kamina na wa Moba, na wawaulize maswali mepesi. Nani alitoa kisa cha mchezo? Nani alicheza mkubwa, nani mzee wa kijijini, na kila mmoja alisema Kiswahili gani? Watu walicheka wapi? Mwalimu alisahihisha neno gani, na neno gani alilipitisha kwa kunyamaza? Majibu yaandikwe jinsi yalivyosemwa, bila kusafishwa. Wimbo umekwisha kupata waandishi wake. Mchezo bado unawangoja.